Mseto wa Bi Mize

Chake Chake, Pemba

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanaisha, Ngamiani, Tanga.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama, barua hii ikikukuta umekaa, endelea kukaa. Ikikukuta jikoni, mwambie Zuhura asianze kuisoma mpaka uipue sufuria, maana ni ndefu na sitaki wali wa watu uungue kwa ajili yangu. Nawe Zuhura, dada yangu, soma polepole, usirukie mwisho kutafuta umeletewa nini.

Vipi hali yako, mama? Magoti yanasemaje? Nilisikia kwa baharia wetu Musa kwamba mvua imewanyeshea sana na ukuta wa uani umelala chini. Ameusimamisha nani? Kama bado, mwambieni mjomba asiningoje mimi. Huku sote tunamshukuru Mungu. Karafuu mwaka huu zimezaa, mji mzima umetandikwa majamvi ya kuzianikia, hata pa kupita hakuna. Siasa nazo zimepamba moto; wa chama hiki hanunui dukani kwa wa chama kile, na hata maziko watu wanabaguana. Lakini hayo mtayasikia redioni. Mimi ni mzima. Homa iliyonishika imekwisha. Nimekonda kidogo tu, na sababu ya kukonda kwangu ndiyo iliyonikalisha kitako niandike.

Unakumbuka nilipoletwa huku kuendesha mashine ya sinema uliniuliza, "Nani atakupikia?" Nikakujibu kwamba nimepata chumba kwa mama mmoja mtu mzima, nawe ukatulia. Sikukueleza zaidi kwa sababu sikujua zaidi. Anaitwa Bi Mize. Nyumba yake iko kwenye mteremko wa kushukia bandarini, vyumba viwili na uani kuna jiko la makuti. Ni mjane, mwembamba, anatembea ameinama kidogo kama mtu anayetafuta sindano. Anasema Kipemba kile chenyewe, mchele kwake ni nchele na mtu ni ntu, na mwanzoni nilikuwa nacheka peke yangu chumbani.

Chakula chake sasa. Mama, usinione mtovu wa adabu, lakini mseto kama wa Bi Mize sijapata kuula. Mchele na choroko, tui la pili kwanza na la kwanza mwisho, anauacha juu ya makaa mpaka uwe laini kabisa, halafu anautia samli katikati. Pembeni anaweka papa wa kuchoma aliyetwangwa na pilipili na ndimu. Nilipougua alinipikia ule ule, akauzidisha maji, akanikalia kitandani na kijiko. "Kula, mwana wa wenyewe," akisema. "Mamako yuko mbali, leo mamako miye." Niliula nikalala, nikaamka sina homa.

Nilipopata nafuu nikatoka kupeleka suruali kwa fundi cherehani wa jirani, mzee Makame. Akanitazama, akaniuliza taratibu, "Weye unakula kwa yule bibi?"

"Nakula."

"Na hujaambiwa?"

Ndipo akaniambia. Bi Mize ana mtoto mmoja tu, Hamadi, fundi wa baiskeli karibu na soko. Zamani Hamadi alioa msichana wa kijiji cha Ole, jina lake Maryamu. Siku moja Maryamu alikula mseto mchana kwa mkwewe. Jioni tumbo likamkata, na kabla ya alfajiri akafa. Daktari wa hospitali alisema utumbo ulipasuka, ugonjwa alikuwa nao mwenyewe. Lakini watu walikumbuka kwamba yeye na mkwewe walikuwa wakigombana, wakakumbuka chakula, wakaunga maneno. Hakuna aliyepeleka mashtaka popote. Waliacha tu kula kwake. Akipika sadaka, majirani huipokea kwa mikono miwili, huishukuru, kisha huwamwagia kuku.

"Na Hamadi?" nikauliza.

"Hamadi yuko," fundi akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Kweli yuko. Nilikuwa namwona kila wiki. Huja na samaki au sukari, husimama mlangoni, "Shikamoo, mama," huuliza hali, huweka mfuko juu ya kizingiti, huenda zake kabla hajakaribishwa. Nilidhani ni mtu wa haraka. Bi Mize kila mara alinieleza sababu, hata bila kuulizwa. "Watu wanansema sana mwanangu. Na nke aliye naye sasa mkali. Angalikuwa na amri yake angalikaa." Alisema hivyo akifungua mfuko na kunusa samaki, uso wake umetulia. Nami niliendelea kula kwake. Sikujiona shujaa, nilikuwa na njaa, na chakula kilikuwa kitamu.

Basi katika msimu huu wa karafuu ikaja picha ya Kihindi, na karibu nusu yake ni kesi. Mjane mmoja anashtakiwa kwamba amemtilia mke wa mwanawe sumu katika kichri, na kichri ya Wahindi ni mseto wetu huu huu. Unaweza kufikiri nilivyoshtuka nilipoiona mara ya kwanza, niko peke yangu na mashine. Mwanawe mwenyewe anasimama mbele ya hakimu na kusema, "Sijui kama ni yeye, lakini sijui kama si yeye." Mashahidi wote wanasema bibi yule ana kijicho. Mwisho anainuka wakili wake, kijana mwenye miwani, anaomba gunia la mchele na la dengu yaliyochukuliwa na polisi yaletwe, liletwe na jiko, mshtakiwa apike pale pale kotini. Yule mama anapika. Hakuna wimbo, hakuna neno, maji tu yanachemka. Akipakua, wakili anakula sahani nzima amesimama, halafu anangoja. Watu wote wanangoja. Mama, ukumbi wa Chake ulikuwa kimya mpaka nikasikia mashine yangu inavyosaga meno. Halafu hakimu anainamia mbele, anasema, "Na mimi nipakulieni."

Ilikuwa vurumai. Watu walipiga viti, walirusha kofia, waliniita kwa jina nirudishe sehemu ile. Wachumaji wa Ole na kwingine, mikono bado myeusi kwa karafuu, walikuja kwa miguu na baiskeli kuitazama, wakarudi tena kesho yake na jamaa zao. Mama mmoja muuza vitumbua akaona bahati yake, akaanza kuuza mseto nje ya mlango wetu. "Mseto wa koti! Mseto wa koti!" Watu wanatoka ndani macho mekundu, wananunua, wanakula wamesimama kama wakili, wanacheka. Mji mzima ulikuwa ukila mseto kwa mapenzi ya bibi aliyesingiziwa. Na kule mteremkoni, Bi Mize alikuwa akipika sufuria ndogo ya watu wawili.

Jumamosi alasiri huwa kuna onyesho la wanawake. Nikamkatia tiketi.

"Miye sinema? Na uzee huu?" akasema, lakini alikwenda kutafuta buibui lake zuri.

Nilimwona kwenye kidirisha changu cha juu. Wanawake walibanana wawili wawili kwenye kiti kimoja, watoto mapajani, na viti vya upande wake vitupu. Ilipofika sehemu ya kesi walilia wote. Mmoja aliyekaa mbele alisimama akapiga kelele, "Mwacheni mama wa watu! Hana makosa!" Taa zilipowaka, mwanamke yule yule, kope bado zimelowa, alipishana na Bi Mize njiani. Akamvuta mtoto wake akamhamishia upande wa pili.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Bi Mize amekaa juu ya mbuzi, nazi mkononi, hakuni.

"Umeipenda, mama?"

"Yule ana bahati," akasema.

"Bahati gani, na dhiki yote ile?"

"Kapelekwa kotini. Kaulizwa, kajibu, watu wakansikia." Akaigeuzageuza nazi. "Miye hajaniuliza ntu. Laiti wangalinipeleka."

Mama, ningelinyamaza hapo. Ningelichukua ile nazi nikamkunia, jambo likaisha. Lakini nilikuwa nimeitazama picha ile kila siku mpaka imeniingia kichwani, nikajiona ndiye yule kijana mwenye miwani. Asubuhi nikaenda kwa Hamadi. Nilimkuta ameipindua baiskeli, anazungusha gurudumu.

"Umeiona picha?" nikamwuliza.

"Nimeiona."

"Mara ngapi?"

Alilizungusha tena gurudumu. Nikamwambia niliyoambiwa na mamake, neno kwa neno. Gurudumu likazunguka likasimama. Macho yake yalijaa maji, mtu mzima yule, ndevu zina mvi.

"Njoo Ijumaa baada ya sala," nikasema. "Ule naye. Basi tu. Sahani moja."

"Ntakuja," akasema.

Nilimpelekea Bi Mize habari nikikimbia. Mama, mwanamke yule alirudi ujana. Alichagua choroko mara mbili. Alikopa samli kwa Mwarabu wa dukani. Aliniuliza kama buluu ya kanga yake imechujuka sana. Ijumaa ilipofika nyumba ilinukia mpaka njiani, na jamvi jipya lilitandikwa ukumbini.

Hamadi akaja. Safari hii alivua viatu, akaingia, akambusu mamake mkono. Tukakaa watatu kwenye sinia moja. Bi Mize akanawa, akasema bismillahi, akaanza yeye, nadhani kwa kusudi, ili aone. Nikafuata mimi. Hamadi akachota tonge. Alilifinyanga vizuri, akalipeleka mpaka karibu na mdomo. Mkono ukasimama pale.

Sijui ulisimama kwa muda gani. Niliona punje zikidondoka siniani moja moja. Nilimtazama kwa macho ya kumwambia kula, kula, kama vile watu walivyokuwa wakimtazama wakili. Akalirudisha tonge siniani.

"Tumbo langu leo si zuri, mama," akasema.

Bi Mize hakulia wala hakupandisha sauti. "Basi, mwanangu. Usijilazimishe." Kisha akanyoosha mkono, akalichukua lile tonge mwanawe alilolifinyanga, akalila yeye. Akaendelea kula upande wa Hamadi, taratibu, mpaka upande ule ukabaki sinia tupu. Hamadi alikaa ameinamisha kichwa. Hakuondoka mpaka mamake aliponawa, halafu akatoka bila viatu. Ilibidi nimfuate navyo.

Kwa siku kadhaa Bi Mize alinipikia kama kawaida. Kisha asubuhi moja nilimkuta amefunga kanga zake na sufuria katika bunda. Alikuwa anakwenda Kisiwa Panza, kwa kaka yake mvuvi.

"Utarudi lini, mama?"

"Weye kaa, ufunguo huu hapa. Nyumba isilale tupu."

"Ni kwa sababu yangu," nikasema. "Nimekukosea."

Alinitazama kwa huruma, mama, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Hukunikosea. Ulinitakia heri." Akakaa juu ya lile bunda. "Miaka yote nilijiambia mwanangu haji kwa sababu ya maneno ya watu. Watu wanamkataza, nkewe anamkataza. Neno lile nilikuwa nalilalia. Sasa najua ni yeye."

Nikambebea bunda mpaka kwenye gari la Chokocho. Hakugeuka nyuma. Nilirudi kazini, jioni nikafunga mkanda wa picha ile ile kwenye mashine, na ilipofika sehemu ya sahani nilitazama ukutani, si kwenye pazia. Nilimpa mama wa watu koti aliloliomba, nikamnyang'anya kitu pekee alichokuwa akilalia.

Picha iliondoka na meli iliyofuata. Baadaye Hamadi akaja sinema mchana, nafagia. Aliomba nimwonyeshe sehemu ya kesi peke yake. Nikamwambia imekwenda Unguja. Akakaa kwenye kiti cha mbele, akilitazama pazia jeupe.

"Yule wakili hakuogopa?" akauliza.

"Ni picha, Hamadi. Na alijua hakuna sumu."

"Na miye nilijua," akasema. "Tangu siku ile ya Maryamu nilijua. Nilimsikia daktari kwa masikio yangu. Mkono ndio haukujua."

Nikamwambia tu, "Twende Panza."

Tulikwenda siku yangu ya mapumziko, kwa gari mpaka Chokocho, kisha tukavushwa kwa mtumbwi. Bi Mize tulimkuta uani kwa kaka yake, anasuka ukili. Alitupokea vizuri. Aliuliza habari za watoto wa Hamadi mmoja mmoja kwa majina, akaniambia nimekonda. Hamadi akapiga magoti mbele yake.

"Mama, nimekuja kula mseto wako."

Mikono yake haikuacha kusuka. "Siku hizi sipiki, mwanangu," akasema. "Mpishi ni wifi yangu. Nimepumzika."

Hamadi akasema tena, kwa sauti ambayo sitaisahau, "Nipikie, mama. Ntakula." Naye akajibu kwa upole ule ule, kama anayemjibu mtoto anayeomba kitu kilichokwisha, "Sipiki, baba."

Wifi yake akaleta muhogo wa nazi na samaki wa kuchoma. Tukala wote. Mama na mwana walikula katika sahani moja, bega kwa bega, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Maryamu afariki, na Hamadi alikula mpaka akaifuta sahani. Mtu angepita angesema hawa wamepatana. Lakini nilimwona Bi Mize akiutazama mkono wa mwanawe unavyokwenda sahanini na kurudi mdomoni bila kusita, chakula cha mwingine, nami nikaacha kula.

Katika mtumbwi wa kurudi Hamadi aliniuliza, "Amenisamehe?"

"Amekupokea," nikamjibu.

Tangu siku ile huenda Panza kila Ijumaa. Hupeleka mchele na choroko. Mamake huvipokea, humwombea dua, humpa wifi yake. Ijumaa iliyopita Hamadi alirudi akanipitia, uso una kitu nisichokijua. Aliniambia mamake alizimwaga choroko kwenye ungo akaanza kuzichagua mawe, mwenyewe, hakumwita mtu. Alizichagua zote. Kisha akainuka na ungo, akaenda nao mpaka mlango wa jiko, akasimama pale kitambo, akampa wifi.

Basi mama, hayo ndiyo yaliyonipata na kunikondesha. Nakula hotelini kwa Wahindi, sili vibaya. Huwa najiuliza wewe ungefanyaje, ungenyamaza au ungekwenda kwa Hamadi. Nijibu kwa mkono wa Zuhura, na usinionee haya.

Msalimie mjomba Saidi, umwambie ukuta asiujenge kwa udongo wa mfinyanzi. Msalimie shangazi Bi Rukia anisomee Yasin moja, na jirani yetu mama Tunu, na bibi mzaa baba, umwulize kama bado anakataa kuvaa miwani. Zuhura, kitambaa chako anacho Musa baharia, cha maua ya zambarau, mshonaji asikupunje. Nitakapopata ruhusa ya tajiri, baada ya msimu, nitakuja kukuona, inshaallah. Mpaka hapo Mungu akulinde, akupe afya, na akuweke radhi nami.

Ni mimi mwanao,
Rashidi